Darasa Lililosema Ndiyo

Katika kijiji kimoja upande wa Murusagamba, wilaya ya Ngara, watu walimpima mwalimu kwa masikio. Bernadetha alikuwa mmoja wao. Kila asubuhi alipalilia migomba yake, mgongoni amembeba mtoto wake mchanga, Kazimili. Shule ilikuwa ng'ambo ya bonde. Sauti za wanafunzi zilipofika mpaka migombani, Bernadetha alifurahi.

"Leo mwalimu anafundisha," aliwaambia majirani.

Siku ambayo sauti zilikuwa ndogo, aliuliza, "Mwalimu wetu leo anaumwa?"

Usimcheke. Kijiji kizima kilifikiri hivyo. Hata mwalimu mwenyewe alifikiri hivyo.

Mwalimu huyo aliitwa Anatoli, kijana wa miaka kumi na minane. Huo ulikuwa mwaka 1979. Serikali ilitaka kila mtoto asome, lakini walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walipewa chaki. Walifundisha watoto huku wao wenyewe wakijifunza ualimu. Anatoli alikuwa na wanafunzi sitini na wawili wa darasa la tatu, na vitabu tisa. Hakuwa mvivu hata kidogo. Alisoma mstari mmoja, darasa likarudia. Alisoma mwingine, likarudia. Mwishoni aliuliza, "Mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu!" waliitikia wote, na bonde likaitikia nao.

Sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya Esperansia, binti wa kwanza wa Bernadetha. Alikuwa na miaka kumi. Alijua kurasa zote za kitabu bila kukosea. Mama yake alijivunia sana, maana yeye mwenyewe darasa la kisomo cha watu wazima lilimfikisha kwenye kuandika jina lake tu.

Baba wa nyumba hiyo, Bonaventura, hakuwepo. Alikuwa mgambo, na vita ya Kagera ilipoanza alichukuliwa kwenda mstari wa mbele. Kazimili alizaliwa mwezi mmoja baadaye. Baba yake hakuwahi kumwona.

Siku moja ya Februari barua ilifika. Bernadetha aliitambua saini ya mumewe. Kwa kawaida angeipeleka kwa Mzee Nkeshimana, balozi wa nyumba kumi, ili amsomee. Lakini kwa balozi kila mara kuna watu, na barua ya mume si tangazo la mkutano. Zaidi ya hayo, alikuwa na msomaji wake nyumbani.

"Esperansia! Njoo usome barua ya baba."

Mtoto aliishika barua kwa mikono miwili. Aliitazama kwa muda. Kisha akasimama wima kama anavyosimama darasani, akasema kwa sauti nzuri:

"Mke wangu Bernadetha, salamu sana. Mimi ni mzima wa afya, wasiwasi ni juu yenu huko nyumbani. Limeni maharage kwa bidii. Msalimie bibi. Wasalimie majirani wote. Ni mimi mumeo, Bonaventura."

Bernadetha alilia kwa furaha. Mumewe mzima! Usiku huo alilala usingizi ambao hakuupata tangu vita ianze.

Siku kumi na moja zilipita. Jumanne moja Mzee Nkeshimana alipita kuwajulia hali.

"Shikamoo, mzee," alisema Bernadetha.

"Marahaba, mama. Habari za mgambo wetu?"

"Nzuri! Ameandika. Esperansia amenisomea mwenyewe." Akaileta barua ili mzee naye afurahi.

Mzee alivaa miwani. Alisoma kimya. Akarudia kusoma. Kisha akauliza polepole, "Mama Esperansia, mbona hukwenda?"

"Kwenda wapi?"

Mzee akasoma kwa sauti. "Mke wangu Bernadetha. Risasi imenipata pajani, lakini mfupa ni mzima. Nimeletwa hospitali hapa Biharamulo. Nitakaa mpaka tarehe ishirini na nne, halafu nitarudi kikosini. Njoo na mtoto nimwone. Sijui kama nitapata nafasi nyingine."

Siku hiyo ilikuwa tarehe ishirini na saba.

Bernadetha aliketi chini. Hakulia. Alikuwa akihesabu. Siku ya kwanza kutembea mpaka barabara kubwa, siku ya pili kupata lori. Angefika. Angefika mapema kabisa, na Bonaventura angempakata mwanawe.

Esperansia aliporudi kutoka shule alimkuta mama amesimama mlangoni na barua mkononi. Alijua mara moja.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Mama, sikujua kusoma barua."

"Wewe! Kitabu kizima unakijua!"

"Kitabu mwalimu anakisema kwanza, sisi tunarudia. Barua hakuna aliyeisema kwanza." Mtoto alianza kulia. "Kwa hiyo nilisema maneno ambayo barua zote huwa nayo."

"Na kwa nini hukuniambia kwamba hujui?"

"Mama, wewe ndiye unayesema mtoto hamwambii mkubwa hapana. Hata darasani hakuna anayesema hajui. Tunasema ndiyo."

Maneno hayo yalimchoma Bernadetha. Ni kweli, ndivyo alivyomlea, na ndivyo yeye alivyolelewa. Katika nyumba za Ngara mtoto mwenye adabu akiulizwa na mkubwa, huitikia. Adabu hiyo ni nzuri. Lakini sasa ilikuwa imemnyima mtu mtoto wake.

Kesho yake Bernadetha alivuka bonde, Kazimili mgongoni, Esperansia mbele yake. Alikwenda kugomba, nisimfichie. Bahati nzuri ilikuwa Jumatano. Kila Jumatano ya mwisho wa mwezi mkufunzi Marsiana alikuja kwa baiskeli kutoka Keza kuwaelekeza walimu vijana. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyefundisha miaka ishirini. Alimsikiliza Bernadetha mpaka mwisho, wala hakumkatiza. Anatoli alisimama kando.

"Lakini wanasoma, mkufunzi," Anatoli alisema. "Njoo usikie."

Wakaingia darasani. Anatoli akafungua kitabu, na watoto wakaimba, "Baba ana jembe. Jembe lina mpini. Mpini ni wa mti. Mti uko bondeni." Hakuna aliyekosea.

Marsiana alimwita msichana wa mbele. Aliweka kidole kwenye neno moja katikati ya ukurasa. "Hapa pameandikwa nini, mwanangu?"

Msichana alirudi juu ya ukurasa. Akaanza kunong'ona, "Baba ana jembe, jembe lina mpini, mpini..." Alikuwa akilitafuta neno kwa kuliimbia njia nzima. Kidole chake kilipofika, mdomo ulikuwa umeshapita.

Kisha Marsiana akawageukia wote. Akasema kwa uso mkavu, "Watoto, jana ng'ombe wangu alitaga mayai matatu. Mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu!"

Bernadetha alitaka kucheka, akashindwa. Anatoli aliinamisha kichwa. Watoto walipotoka kwenda mapumziko, alisema kwa sauti ndogo, "Ndivyo nilivyofundishwa mimi. Nilidhani darasa likinyamaza, nimeshindwa kazi."

"Sikulaumu," Marsiana alisema. "Una watoto sitini na wawili, na hakuna aliyekuonyesha njia nyingine. Lakini sikiliza. Wakijibu wote pamoja, humsikii hata mmoja. Wanaojua wanawaficha wasiojua. Muulize mmoja, kwa jina lake. Halafu ngoja."

"Ningoje mpaka lini?"

"Hesabu moyoni mpaka kumi. Utaona kumi ni ndefu sana! Mwalimu ana haraka ya kujibu, ndiyo maana mtoto hafikiri."

Akachukua boksi la chaki lililokwisha, akalipasua vipande. Juu ya kila kipande aliandika silabi moja: ma, ha, ra, ge. "Wape wapange maneno wenyewe. Maharage, wanayajua. Migomba, wanaijua. Na neno la Kiswahili likiwa geni, liseme kwa Kihangaza cha nyumbani kwanza. Mtoto asome kitu anachokielewa. Vitabu ni tisa? Wagawe makundi tisa, watoto saba saba, mahali pengine sita. Kila mmoja asome mstari wake, wenzake wamsikilize."

"Na hilo la kusema ndiyo?" aliuliza Bernadetha. Hasira yake ilikuwa imepoa, lakini hilo hakulisahau.

"Hilo ni lako pia, mama. Mtoto akisema hajaelewa, hajavunja adabu. Amemsaidia mwalimu. Nyumbani usimuulize kama amesoma, maana atasema ndiyo. Muulize leo ameuliza nini."

Anatoli alianza siku ileile. Haikuwa rahisi. Wiki ya kwanza alimwita mtoto mmoja mmoja, na kila mmoja alitazama miguu yake. Alihesabu mpaka kumi, mara nyingine mpaka ishirini. Siku ya tisa mvulana mmoja wa nyuma alisema kwa woga, "Mwalimu, hapa sijaelewa." Darasa zima likashtuka. Walingoja fimbo.

"Asante sana," Anatoli alisema. "Nani mwingine hajaelewa hapo?"

Mikono ilianza kuinuka. Ilikuwa thelathini na minane. Anatoli aliniambia baadaye kwamba alitaka kukimbia, na pia alitaka kuimba. Kwa mara ya kwanza alijua wanafunzi wake walikuwa wapi.

Ila kijiji hakikufurahi. Sauti za darasa la tatu hazikufika tena migombani. Aprili, kwenye mkutano wa kijiji, baba mmoja alisimama akasema, "Mwenyekiti, shule yetu imelala. Mwalimu anakaa, na watoto wanacheza na vipande vya boksi. Zamani tulisikia kazi. Tuombe mwalimu mwingine."

Wengi waliguna kukubali. Anatoli alikuwa amekaa pembeni, hakujitetea. Hapo Bernadetha alisimama. Hakuwa amewahi kusema kitu mkutanoni.

"Mimi nilikuwa wa kwanza kusifu zile sauti," alisema. "Binti yangu alikuwa na sauti kuliko watoto wenu wote. Mume wangu alilala hospitali Biharamulo, akaniita kwa barua. Mtoto hakuweza kuisoma, akaogopa kusema. Sikwenda. Amerudi vitani bila kumwona mwanawe, na mpaka leo sijui kama yu hai. Hizo ndizo sauti mnazozitaka?"

Kisha akaendelea, "Kila mtu aende nyumbani jioni hii. Andika neno moja, lolote, ambalo halimo kitabuni. Kama hujui kuandika, mwombe Mzee Nkeshimana. Mpe mwanao. Halafu njoo uniambie kama shule imelala."

Walifanya hivyo, wengine kwa kumkomoa tu. Watoto wa darasa la tatu walisoma kwa kukwamakwama, lakini walisoma. Baadhi yao walisema wazi, "Neno hili silijui." Na wale wa madarasa mengine, waliokuwa bado wanaimba, walianza tena "Baba ana jembe." Juma lililofuata wazazi wa madarasa hayo ndio waliokwenda kwa mwalimu mkuu. Walitaka watoto wao nao wapewe vipande vya boksi.

Septemba barua nyingine ilikuja. Esperansia aliichukua, akakaa chini. Hakusimama wima, wala hakupaza sauti. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Mahali pawili alirudi nyuma akasoma upya.

"Mke wangu Bernadetha. Vita imekwisha. Ijumaa tarehe ishirini na moja... tutashushwa Biharamulo... kwenye njia ya kwenda Nyarubungo. Njooni mnipokee."

"Una hakika?" mama aliuliza.

"Nina hakika, mama. Rudia kuniuliza, nitarudia kusoma."

Hawakwenda kwa balozi. Walifunga ndizi na maharage ya njiani, wakaondoka Jumatano asubuhi. Ijumaa saa tisa mchana lori la jeshi lilisimama kwenye njia ya kwenda Nyarubungo. Bonaventura alishuka akichechemea kidogo. Alimtazama mtoto wa miezi kumi aliyekuwa mikononi mwa mkewe. Alimpokea, akaficha uso wake kwenye shingo ya mtoto, akakaa hivyo muda mrefu. Bernadetha alilia, na safari hii alikuwa na haki ya kulia.

Baadaye, wakipumzika kando ya barabara, Bonaventura alitoa karatasi yake ya hospitali.

"Mama yako ananiambia siku hizi unasoma kweli," alimwambia Esperansia. "Hebu nisomee."

Esperansia alisoma jina la baba yake. Akasoma kijiji, akasoma umri, akasoma "jeraha la paja la kulia". Kisha akasimama kwenye neno refu lililoandikwa kwa mwandiko wa daktari. Akainua macho, akamtazama baba yake usoni.

"Baba, hili silijui."

Bonaventura aliitwaa karatasi, akaisogeza karibu, akaiweka mbali. Akacheka.

"Hata mimi silijui, mwanangu. Miezi saba natembea nalo mfukoni, naogopa kuuliza."