Binamu Yangu na Kambare wa Kibakwe

Nina miaka sabini na kitu. Sina hakika, maana marehemu mama alihesabu umri wangu kwa njaa, siyo kwa kalenda. Shule niliishia darasa la tatu, ng'ombe wakanirudisha nyumbani... lakini hayo tuyaache. Ninaishi upande wa Kibakwe, ni mgane, na ninawaandikia wasomaji wenzangu jambo linalonitafuna mpaka leo.

Mto wetu unatoka milimani. Kiangazi unakatika, linabaki dimbwi moja chini ya mwamba, na kambare wote wazazi wanajibana humo. Maji ya kwanza ya mvua yakishuka, wanapanda juu kwenda kutaga. Zamani walifika hadi shambani, tukawaokota katikati ya mahindi. Siku hizi wamekwisha, ndiyo maana tukaunda kikundi cha kulinda dimbwi. Mimi mwenyekiti. Katibu ni Mama Eliza, mwanamke ambaye hata mchungaji anamwogopa.

Sasa, Lameki. Huyu ni mtoto wa shangazi yangu, na kwetu mtoto wa shangazi ni mtani. Atakutukana mbele ya wakwe zako, atachukua jogoo wako, na ukikasirika mjinga ni wewe. Siku ya kumzika mke wangu aliingia kaburini akalala, akasema hatoki mpaka apewe kuku. Nilicheka huku nalia. Mtu kama huyo ungemdhania ubaya?

Kila akipita dimbwini alisema, "Walinzi wa supu yangu, hamjambo? Naleta utupa niwapumzishe." Utupa ni ule mmea, majani yake ukiyaponda na kuyatia majini samaki wanalewa, wanaelea. Tulicheka wote, isipokuwa Mama Eliza.

"Mwenyekiti, huyu ameotesha utupa nyuma ya zizi lake," aliniambia.

"Mama Eliza, yule mtani wangu."

"Utani gani unamwagiliwa maji kiangazi hiki?"

Sikwenda kuangalia. Nilimcheka na yeye pia...

Mawingu yakaanza kujikusanya. Jumapili Lameki akatukuta dimbwini, akasema, "Nendeni kanisani mkaombee mvua, nitawalindia mimi." Tukacheka. Na tukaenda! Watu wazima, tukaenda.

Katikati ya wimbo Mama Eliza akainuka, akatoka. Nikamfuata, na wenzetu nyuma yetu.

Tulikuta maji yana povu. Kambare majike wanaelea, matumbo juu, yamejaa mayai. Lameki yuko ndani mpaka magotini, anajaza gunia, na ukingoni pikipiki ya mwenye mgahawa wa kule mjini, Miyuji, inamsubiri.

"Mwenyekiti, umewahi," akasema. "Shika gunia huku."

Mdomo wangu ulianza kucheka wenyewe, kwa mazoea. Ningefanyaje?

Mama Eliza alijitupa majini na kitenge chake cha kanisani. Akawaokota waliokuwa bado wanatweta, tukachimba shimo mchangani kwa mikono, huko juu ambako maji safi kidogo yalichuruzika kutoka kwenye mwamba, tukawatia humo. Wengi walikufa tukiwatazama.

Kwenye baraza la kijiji Lameki hakukana. "Ule ni utani," akasema. "Muulizeni binamu. Mtani anashitakiwa?"

Wote wakanigeukia. Nikisema ni utani, anatoka, na kesho dimbwi limekwisha, maana nani hapa hana binamu? Nikisema siyo...

Nikasimama. "Huyu si mtani wangu tena. Mshitakini."

Lameki akacheka, akangoja nicheke. Sikucheka. Akaniangalia sana, halafu akauliza taratibu, "Kaka, kweli?" Tangu tuzaliwe hakuwahi kuniita kaka bila kuongeza tusi.

Mvua ikaja. Maji yalipofikia lile shimo, kambare wakatoka, wachache mno, wakapanda juu ya mawe migongo ikiwa nje. Mama Eliza alilia. Mimi nilijikuta nageuka kutafuta mtu wa kunitukana, nikakuta hayupo.

Ndugu zangu, mtani akikuambia ubaya huku anacheka, cheka naye, halafu nenda ukaangalie anachokifanya. Nenda mapema, wakati bado mnaweza kugombana na kupatana. Msingoje kama mimi. Kutukanwa na Lameki kulinikera miaka mingi... sasa tukikutana njiani anavua kofia, anainama, ananiambia "Shikamoo mzee," na kunipita.