Mgeni wa Kyoto Katika Banda la Sabiti

Mwahija alimimina chai vikombe vitatu, na ndani ya nyumba walikuwa wawili tu, yeye na mumewe Sabiti.

"Cha tatu cha nani, mke wangu?"

"Cha mgeni," akasema Mwahija, akakisogeza kikombe upande wa ukutani ambako hapakuwa na mtu.

Sabiti akacheka. Mwanaume yule hakuna jambo asilolitia mzaha, hata msibani anatafuta pa kuchekea. Ila chumbani palinuka mbao iliyolowa mvua, na Katoro nzima ilikuwa vumbi tupu kiangazi kile.

Sabiti alikuwa na banda la video nyuma ya soko. Kazi yake kutafsiri filamu: anazima sauti za wenyewe, anashika maiki, anawasemea Wazungu, Wahindi na Wachina kwa Kiswahili. Lugha zao hajui hata moja, na nani atamshitaki? Wachimbaji wa dhahabu wakitoka duarani, kwenye mashimo yao, wanataka kucheka, basi. Lakini filamu za Kijapani zilizopigwa Kyoto, hizo alizipenda kwa moyo. Kwenye rundo la vitabu vya mtumba kule Mwanza alipata kitabu cha picha cha mji ule wa kale, akamletea mkewe, wakakipekua pamoja mpaka kurasa zikalegea. Vichochoro vyembamba, nyumba za mbao zilizobanana, milango ya karatasi inayosukumwa pembeni, taa za karatasi, bustani za mawe. Waliijua Kyoto kuliko Geita mjini. Mwahija anauliza, "Nyuma ya mlango huu kuna nini?" na Sabiti anabuni hapohapo, wanacheka.

Kosa lenyewe alilifanya kazini, kabla ya chai ile. Kulikuwa na filamu ambamo mjane wa Kyoto anafungua mlango, nje mvua inanyesha, kichochoro kitupu, naye anainama kumwamkia mtu asiyekuwepo. Kimya kirefu. Mtafsiri wa kwetu akiacha kimya, watu wanadai hela yao. Na tena wahusika hubandikwa majina ya watu wa mtaani, ndiyo raha ya banda. Kwa hiyo Sabiti akampa mjane jina la Mwahija. Akabisha kwa sauti nzito, "Hodi wenyewe!" Halafu akabana pua, akajibu kama mkewe, "Karibu, mimi Mwahija nipo peke yangu. Pita ndani, hapa ni kwako." Banda likalipuka kwa kicheko. Mwahija mwenyewe, aliyekuwa mlangoni na beseni lake la maandazi, alicheka mpaka akashika mbavu, maskini.

Baada ya ile chai mambo yakaharibika. "Nasikia mitalawanda," alimnong'oneza mumewe mchana mmoja. "Vile viatu vya mbao, kama alivyovaa bibi yangu kule Tanga. Vinatembea sebuleni. Sasa vimesimama nyuma yako."

"Acha utani, Mwahija."

"Ssh! Anakutazama mdomo."

Akaacha maandazi. Akaacha kumwitikia mumewe. Mchana kutwa alisimama mbele ya mlango wa chumba, mlango wa bawaba wa kawaida kabisa, akiusukuma pembeni kana kwamba ungeteleza, akisukuma na kusukuma mpaka kucha zikavimba, huku harufu ya mbao mbichi ikizidi na ile mitalawanda ikimzunguka ko, ko, ko, hata Sabiti sasa aliisikia, na utani ukamwisha kabisa. Alikuwa anampenda yule mwanamke kuliko kitu chochote duniani, naye alimwona anavyomponyoka.

Akamleta mganga, Mama Donatus, kutoka upande wa Bulyanhulu. Mama huyo hakushuka vizuri kwenye bodaboda, pua ikamcheza.

"Shikamoo, mama," alisema Sabiti.

"Marahaba. Nani alimkaribisha huyu?"

"Nani, mama?"

"Usinifanye mtoto! Jini hili halikuvunja mlango. Lilipiga hodi, likaitikiwa kwa jina la mkeo." Sabiti akamweleza yote huku akilia. Mama Donatus akashusha sauti. "Ng'wanawane, mwanangu, mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi kama mbuzi. Huwa anaaga. Na atakayemsemea kuaga ni mdomo uleule uliomsemea hodi. Sema maneno ya kuaga, halafu funga mdomo. Umenisikia? Ufunge."

"Nimesikia, mama."

Mchana wa siku ileile wakafunga banda, wakamkalisha Mwahija benchi la mbele, Mama Donatus amemshika mkono. Filamu ikawashwa. Mjane akafungua mlango, mvua ikanyesha kwenye kichochoro, na Sabiti akasema kwa sauti ile nzito, "Mwenye nyumba, nashukuru kwa ukarimu. Mimi sasa naondoka."

Mitalawanda ikasikika ubavuni mwa Mwahija. Ko, ko, ikasogea kwenye pazia la filamu. Harufu ikakatika.

"Sabiti?" Mwahija akaita. "Mbona vidole vinaniuma hivi?"

Jamani, furaha! Moyo ulimjaa Sabiti mpaka kooni. Na kwenye pazia mjane alikuwa bado ameinama, kimya kirefu kimetanda, na ulimi wa Sabiti haukuzoea kukiacha kimya, tena mgeni ameaga, na mgeni akiaga kwetu mwenye nyumba hakai kimya kama hana adabu, kwa hiyo kabla hajafikiri alishabana pua na kusema kwa sauti ya mkewe kile ambacho yeyote kati yetu angesema:

"Haya, ngoja nikusindikize kidogo."

Mama Donatus akapiga yowe.

Mwahija alikuwa amekaa palepale, macho wazi, mkono umepoa kama jiwe la mtoni. Kwenye pazia, nyuma ya mjane, mwanamke wa kanga alikuwa akitembea peku kwenye mvua ya Kyoto, akifuatana na kitu kirefu kilichobeba mwavuli.

Sabiti akaisogeza maiki mdomoni. Mgeni ndiye humrudisha anayemsindikiza, kila mtu anajua. "Inatosha, mwenye nyumba!" alisema kwa sauti nzito. "Umenisindikiza vya kutosha. Rudi nyumbani!"

Mwanamke akasita, akageuza shingo nusu.

Sabiti alikuwa ameshafunga mdomo pale spika zilipojibu kwa sauti ileile nzito: "Bado kidogo tu, Mwahija. Tunakaribia kufika."

Naye Mwahija akaendelea kutembea.