Taa Tatu za Koridoni

Kosa la rafiki yangu, fundi umeme tunayesali naye, ni kwamba aliona akanyamaza. Mungu amsamehe.

Bwana mmoja alimwita afunge taa za ukutani kwenye korido isiyo na dirisha. Taa za namna hiyo hufungwa juu kidogo ya macho, zikilingana. Yule bwana hakutaka hivyo. Alitaka kila taa ifunike baka la plasta mpya: la kwanza usawa wa kichwa cha mwanamke, la pili usawa wa kiuno, la tatu karibu na sakafu.

"Bosi, hii ya chini itamulikia panya," fundi alitania.

"Funga."

"Na shemeji ameziridhia?"

"Amesafiri. Funga, nimesema."

Fundi aliona damu kavu pembeni mwa baka la chini, akaifunika kwa taa. Kisha akaenda nje kurudisha umeme, akamwacha mwenyeji wake koridoni gizani.

Kabla hajagusa swichi, alisikia kichwa kikigongwa ukutani. Kishindo cha pili kilitokea chini zaidi, na yule bwana akalia, "Basi, mama watoto, basi." Cha tatu kilitoka sakafuni. Kioo cha taa kikapasuka, kukawa kimya.

Umeme uliporudi, yule bwana alikuwa amelala kando ya taa ya tatu, peke yake, fuvu limebonyea. Shingoni palikuwa na alama za vidole vyembamba, na kile cha mwisho kilikuwa kimeacha umbo la pete.

Nawe, kama ulimjua mkewe, naomba uniambie: pete yake alikuwa anaivaa kidole gani?