Nani Anagonga Stoo?

Hadithi hii haina chumvi hata punje. Haya, punje moja. Nani atakula mchuzi chapwa?

Fundi cherehani alijifunza kusoma ukubwani. Sasa alikuwa na riwaya kuukuu. Humo, bwana wa jumba bovu alisema: "Mimi namsikia marehemu mke wangu akigonga ukuta. Atakayeingia chumbani kwake atakufa!"

Tangu ukurasa huo, naye akaanza kusikia. Ko, ko, ko. Ukuta wa stoo!

"Hata mimi nimesikia," mumewe alinong'ona, akitokea uani. "Usiingie, mama watoto. Jini litakumaliza."

Sindano ikamchoma fundi kidole. Vitambaa vya sare za shule vilikuwa humo stoo. Shule zinafunguliwa Jumatatu. Wazazi wakija, awape nini? Uzi?

Akakimbilia na riwaya kwa jirani yake, mkutubi aliyemwazima. "Shika jini lako, dada. Mimi na kusoma, basi!"

"Kaa kwanza," jirani alisema. "Nani kaandika?"

"Si huyo bwana?"

"Wapi! Mwandishi alikuwa binti wa watu, hakuwahi kuwa na mke. Enzi hizo watu walisoma kwa mshumaa. Walipenda magofu, dhoruba na mioyo inayochemka. Akawapa. Huyo 'mimi' ni msimulizi. Mwandishi kamtunga, kama wewe unavyokata gauni."

"Kumbe msimulizi anaweza kudanganya?"

"Mhoji. Kajuaje? Anamwambia nani? Tukiogopa, yeye anapata nini? Haya, soma sura ya mwisho."

Fundi akasoma palepale. Chumbani hamkuwa na mzuka. Mlikuwa na vito ambavyo yule bwana aliwaibia watoto wa marehemu.

Akafunga kitabu. Na yeye, nani alimwambia asiingie stoo?

Akarudi nyumbani akinyata, kitabu kwapani. Ko, ko, ko. Jasho jembamba likamtoka. Akausukuma mlango hivyo hivyo.

Mumewe, ambaye daktari alimkataza vitu vitamu, alikuwa amechuchumaa juu ya vitambaa vya sare. Kijiko mkononi, anagonga kifuniko kilichokwama cha kopo la pili la asali. La kwanza lilikuwa tupu.

"Mke wangu! Nimekuja... kumfukuza mzuka."

"Endelea, msimulizi," fundi alisema, akivivuta vitambaa vyake. "Nakusikiliza. Kakimbilia wapi?"

"Nje! Kwa dirisha! Mimi sijagusa kitu."

Asali ikamdondoka kidevuni.