Nilimchoma Bosi Mkasi kwa Sababu ya Uso Wangu

"Bosi anakuua! Jitetee!"

Hiyo ilikuwa sauti ya shosti wangu, nyuma yangu.

Mimi nilikuwa sioni kitu. Uso unawaka kama nimemwagiwa mafuta ya moto, na mkono wa mtu umenikamata kisogoni, unanikandamiza kwenye sinki la kuoshea nywele!

Maji puani. Maji mdomoni.

"Tulia!" bosi alinguruma. "Nimesema tulia!"

Jamani... nitulie nife?

Nikapapasa kaunta. Nikagusa mkasi.

Nikauchoma ule mkono kwa nguvu zangu zote!

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, maana najua mmeshaanza kunihukumu.

Mimi ni msusi. Uso wangu ulikuwa balaa: mkavu hadi unabanduka, na juu ya ukavu huo chunusi zimejazana. Shosti wangu wa kazini, tuliyemwita Vidole kwa jinsi anavyosuka haraka, akanibatiza jina la Magamba. Tulicheka wote... mimi kwa nje tu.

Nilisugua uso kwa limau. Nikausugua kwa sabuni ya kufulia. Wapi!

Siku moja bosi akanivuta pembeni. Yule mama ni mkali, akiingia saluni hata redio unaona kama imejipunguza sauti.

"Unajichuna ngozi mwenyewe, halafu unashangaa inalia?"

"Sasa nifanyeje, Mama?"

"Acha limau. Acha hiyo sabuni. Nawa kwa maji ya uvuguvugu. Changanya asali, shubiri na unga laini wa shayiri, paka dakika kumi, suuza. Halafu mafuta ya alizeti, matone mawili tu, uso ukiwa bado na unyevu. Na ujaribu mkononi kwanza!"

Miezi miwili, uso ukatulia. Wateja wakaanza kuuliza natumia nini. Bosi akatangaza mbele ya wote kwamba chumba cha nyuma kitakuwa cha kuhudumia nyuso, na msimamizi ni mimi.

Vidole akanikumbatia.

"Hongera shosti! Umetoka mbali!"

Kesho yake mchana, nikafungua kopo langu la mchanganyiko, nikapaka uso mzima. Ile harufu kali ya dawa ya kulainisha nywele sikuishangaa. Saluni nzima inanuka hivyo kutwa.

Haikupita dakika... moto!!

Nikapiga yowe. Ndipo ule mkono ukanidaka na kunipeleka kwenye sinki.

Na mkasi wangu ukazama nyuma ya kiganja chake.

Bosi alilia kwa uchungu. Lakini hakuniachia, jamani! Damu inachuruzika kwenye maji, na yeye bado ananisuuza.

"Fumba macho!" alisema huku anahema. "Umepaka dawa ya nywele. Ikiingia machoni, umepofuka!"

Mkasi ukaniponyoka.

Mteja mmoja aliyekuwa kwenye mashine ya kukaushia nywele akasimama na rola zake kichwani.

"Huyo hapo! Nimemwona kwenye kioo akiitia kwenye kopo! Nilidhani mmetumana!"

Nikafumbua jicho moja. Alikuwa anamnyooshea kidole Vidole.

Vidole akachomoka kuelekea mlangoni. Nikajichomoa mkononi mwa bosi, nikamrukia! Nikamkamata nywele, tukaangukia kioo, kikapasuka. Akaning'ata bega hadi damu. Nikambamiza kichwa sakafuni. Mara moja... mara mbili...

"Miaka sita niko hapa!" alipiga kelele. "Sita! Halafu wewe Magamba ndiye unisimamie?"

Nikainua kichwa chake mara ya tatu.

Mkono uliolowa damu ukanishika tena kisogoni.

"Mwache," bosi alisema. Sauti ilikuwa imekwisha. "Rudi kwenye maji. Uso kwanza."

Nikarudi, nikilia kama mtoto.

Vidole alichukuliwa na polisi siku ile ile. Mimi macho yalipona. Nimebaki na kovu karibu na sikio, na chumba cha nyuso naendesha mimi. Kopo langu nalifungia kabatini.

Lakini bosi... mkasi ulikata mishipa ya vidole vya mkono wake wa kulia. Viwili havinyooki tena. Aliyenifundisha kusuka hawezi kushika hata kitana.

Nilipiga magoti hospitalini kumwomba radhi. Akaniinua kwa mkono wake mzima.

"Ungeniuliza tu, mwanangu. Neno moja."

Nikaubusu mkono wake uliofungwa bandeji.

Ndugu zangu mnaosoma, ngozi yangu ilipona kwa kuacha kuisugua kwa hasira. Mikono yangu ndiyo iliyochelewa kujifunza. Anayekuvuta kwa nguvu anaweza kuwa anakuokoa, na anayekupigia kelele ujitetee anaweza kuwa ndiye aliyekuchoma.

Uliza kwanza. Mimi sikuuliza, na sasa kila asubuhi namchana bosi wangu nywele, kwa sababu mwenyewe hawezi.