Mfalme Aliyefunga Mfereji

Malkia Ahatum alikuwa jikoni akionja uji wa shayiri wakati mumewe alipoingia. Mumewe alikuwa Yamrus, mfalme wa Zalbatu, mji mdogo kando ya mto Frati. Miguu yake ilikuwa na matope hadi magotini.

"Nimefunga mfereji mkubwa," alisema.

"Kwa nini, mume wangu?"

"Maji yanataja jina langu. Yanawaambia adui zangu nilipo. Husikii?"

Ahatum hakujua acheke au alie. Shayiri ilikuwa inaanza kutoa masuke. Bila maji, mji mzima ungekufa njaa.

Wiki iliyopita tu Yamrus alikuwa mzima. Alisikiliza kesi za watu, akatania walinzi. Leo hali, halali, anaongea na ukuta. Je, anafanya makusudi? Amelogwa? Au kosa ni langu? Ahatum alijiuliza.

"Huyu ana pepo," alisema Habdi, mdogo wake mfalme. "Tumfunge, tumchape, pepo amtoke."

"Shemeji, una hakika?"

"Sina. Wewe una njia nyingine?"

Ahatum hakuwa nayo. Yamrus akafungwa kwenye nguzo uani. Habdi akamchapa fimbo moja.

"Habdi, ndugu yangu," mfalme alilia, "nimekukosea nini?"

Habdi akaitupa fimbo. Ahatum akatuma mtu mji wa jirani kumwita Nuratum, tabibu mwanamke aliyejua maradhi ya akili.

Nuratum alifika, akaiona ile kamba. "Nani kamfunga?"

"Mimi," alisema Habdi. "Nilitaka pepo aogope."

"Na aliyeogopa ni nani? Mfungue."

"Akinirukia je?"

"Mfungue taratibu, kisha kaa mbali kidogo. Usimpigie kelele."

Yamrus alipofunguliwa, alijikunyata pembeni. Nuratum akamgeukia Ahatum.

"Mumeo anaumwa, mama. Wengine huumwa tumbo, yeye anaumwa akili. Hakujitakia, wala wewe hukumletea. Kaka yangu anao ugonjwa huu."

"Sasa akisema maji yanamsema, nimjibu nini? Nikikataa, anafoka. Nikikubali, najiona mwongo."

"Usibishane naye, wala usikubali. Mwambie, 'Mimi siyasikii, lakini naona unaogopa. Niko hapa.' Mpe chakula, apate usingizi, aache pombe. Dawa nitakayompa msiikatishe bila kuniuliza. Akisema anataka kufa, ondoeni visu, msimwache peke yake, na mniite haraka."

"Atapona?"

"Sijui. Wengine hupona. Wengine hupata nafuu, ugonjwa ukarudi tena."

"Na mfereji?" Habdi aliuliza.

"Ufungueni sasa hivi! Tunamhurumia mgonjwa, lakini watu nao wapate kula. Amri nzito zingoje mpaka atulie."

Mwanzoni Ahatum alikosea. Alibishana, akaomba radhi, akajaribu tena. Polepole Yamrus akaanza kulala. Shayiri ikavunwa.

"Siku zile nilikuwa nani?" alimwuliza mkewe.

"Ulikuwa wewe, ukiumwa."

Kisha wakapatana: usingizi ukianza kumpotea, atasema mapema, na Habdi ataamua kesi badala yake.

Siku moja mfinyanzi mmoja, mama aitwaye Kunnaya, alikuja akilia. "Binti yangu anaongea peke yake. Tumemfungia ghalani. Majirani wanatucheka."

"Nitatuma watu," alisema Habdi.

"Hapana," alisema Yamrus. "Nakwenda mwenyewe. Wewe mwite Nuratum."

Watu walikusanyika nyumbani kwa Kunnaya kutazama. Mfalme aliondoa komeo la ghala, lakini hakuusukuma mlango. Aliketi chini vumbini.

"Binti, mimi ni Yamrus. Sitakugusa. Unaogopa nini?"

Kisha sauti ndogo ikatoka ndani.

"Nikisema, utaniita mwendawazimu."

"Mimi?" Yamrus alicheka kidogo. "Waulize hawa waliosimama hapa, mimi waliniita nani."

Mlango ukafunguka kidogo, kutoka ndani.