Michemraba Kumi na Miwili ya Zege

Michemraba yote kumi na miwili ya sampuli za zege ilikuwa imepondwapondwa sakafuni mwa maabara. Asubuhi hiyo ndiyo ingepimwa kwenye mashine, ili kuthibitisha uimara wa sakafu ya ghorofa ya wodi mpya ya wazazi.

"Hii ni hujuma ya washindani," alisema Mkurugenzi, akijifuta jasho. "Zege letu lina mirija ya kaboni, myembamba kuliko unywele mara maelfu. Inashikilia saruji isipasuke. Ni wivu tu, Inspekta."

Inspekta alichuchumaa. Vipande vilikuwa vimelowa chapachapa.

"Nani kamwaga maji?"

"Hakuna, afande," alijibu mlinzi. "Na kufuli ni zima."

Inspekta akamgeukia fundi wa maabara, mtu mzima aliyeitwa Baba Pacha.

"Kwa nini mtu alowanishe zege kabla ya kulivunja?"

"Vumbi lake ni baya kwa mapafu. Ukilipiga kavu..." Akaficha mikono nyuma.

"Mhalifu mwenye huruma na wafagiaji! Nionyeshe viganja."

Viganja vilikuwa na malengelenge mabichi.

Wakaingia chumba cha pembeni, wawili tu.

"Nani kakutuma?"

"Sikutumwa."

"Sasa?"

"Michemraba ile ingefaulu, afande. Niliitengeneza siku mbili kabla ya sakafu kumwagwa, mashine ya kutawanya mirija majini ikiwa nzima. Siku ya kumwaga, mashine ikaharibika. Mkurugenzi akasema hatusubiri. Unga mweusi wa mirija ukamiminwa mkavu, ukaganda mabonge mabonge. Kisha akaniambia niandike kwamba michemraba imetokana na zege la siku ile."

"Ukaandika?"

"Nikasaini kabisa. Baadaye nikamsihi tuitoboe sakafu, tuipime yenyewe. Akanifukuza ofisini. Lakini michemraba isipokuwepo, sheria inalazimisha sakafu itobolewe."

"Ungekuja kwetu."

"Niliogopa, saini ni yangu." Akaegemea ukuta. "Binti yangu ana mimba ya miezi minane. Angejifungulia wodini mle."

Mchana huo huo Inspekta alisimamia utoboaji. Sampuli ilitoka na mabonge meusi ukubwa wa maharage. Alipobonyeza pembeni kwa kidole gumba, zege likapukutika.

"Tulikuwa tumechelewa," alinong'ona Mkurugenzi. "Wageni wa ufunguzi walishaalikwa." Askari wakamfunga pingu.

Baba Pacha alikuwa akingoja kwenye benchi.

"Na mimi nitashtakiwa?"

"Kwa kuharibu vielelezo na kusaini uongo. Ndiyo."

"Na wodi?"

"Imefungwa. Hakuna atakayelazwa mle."

Baba Pacha akashusha pumzi ndefu, akasimama.

"Basi twende, afande."